Nyumba haikuwa na mtu siku 12, mita zote mbili zimetembea. Nani ametumia?

#1 Kisima Kirefu
Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane, hili jambo limeninyima usingizi.

Tulisafiri familia nzima kwa siku 12. Kabla ya kufunga mlango nilizipiga picha mita ya umeme na mita ya maji, tabia niliyoianza mwaka huu. Tumerudi jana usiku, na kabla sijashusha hata begi nikaenda kuziangalia. Umeme umetembea uniti 31. Maji, lita 2,600.

Hakuna aliyelala mle ndani. Hakuna mlinzi wala mgeni mwenye ufunguo. Taa zote zilizimwa, nilipita chumba kwa chumba mwenyewe. Kilichobaki kinawaka ni friji tu, maana kulikuwa na vitu ndani. Maji yanaingia kwanza tangi la chini, halafu pampu inayapandisha tangi la juu, inajiwasha na kujizima yenyewe kwa boya. Vyoo viwili. Hita moja ya maji ya kuoga, lita 50.

Mwaka mzima nimekuwa nikigombana na watoto kuhusu taa na bomba. Sasa watoto hawakuwepo na nyumba imekula vilevile. Naanza kuogopa kwamba nimekuwa nikibana pasipostahili. Nani ametumia?

#2 Fundi Koki
Karibuni nyumbani. Kwa upande wa maji, anza na choo kabla ya kitu kingine chochote. Nikiitwa kwamba "mita inakimbia", mara nyingi namkuta mwizi yuko chooni.

Bomba likivuja unalisikia, au unaona sakafu imelowa. Choo kinavuja kimya. Maji yanapenya pembeni ya ule mpira ulio chini ya tangi, yanateremka kwenye ukuta wa bakuli kama utando mwembamba, huyaoni mpaka uyatafute. Au boya limewekwa juu mno, maji yanafika kwenye mdomo wa bomba la kufurikia na kushuka bakulini muda wote.

Kipimo: tia rangi yoyote inayoyeyuka ndani ya tangi la choo. Mtu asiflashi kwa nusu saa. Ukikuta rangi bakulini, umempata.

#3 Waya Mwekundu
Mimi nashika umeme. Uniti 31 kwa siku 12 ni kama uniti 2.6 kwa siku, sawa na kifaa cha wati 108 hivi kinachowaka mfululizo bila kupumzika. Friji nzima isiyo kuukuu haifiki hapo peke yake.

Hita ya lita 50 ikiachwa kwenye swichi inapoteza joto kupitia ukuta wake usiku na mchana. Ikipoa kidogo inajiwasha, ikipata moto inajizima, hivyo hivyo siku nzima. Inaweza kumeza uniti 1 au zaidi kwa siku bila mtu yeyote kuoga. Uliizima?

#4 Kisima Kirefu
Hita nadhani niliizima. Swichi yake iko nje ya bafu, nikipita huwa naigusa.

#5 Mpangaji
Mkuu, kwenye bandiko la kwanza ulipita chumba kwa chumba mwenyewe. Hii "nadhani" imeingilia mlango gani?

#6 MamaWatatu
Msimsumbue, kasafiri na watoto, anajua Mungu.

Kwetu alikuwa pampu. Tulikaa miezi umeme ukipanda bila sababu, mpaka usiku mmoja nikiwa macho na mtoto mgonjwa nikaisikia inawaka saa 8, ikazima, ikawaka tena saa 9 na dakika kadhaa. Kumbe ile valvu inayozuia maji yasirudi ilikuwa imechoka. Pampu inapandisha, maji yanarudi polepole kwa njia ileile, tangi la juu linapungua, pampu inapandisha tena maji yaleyale. Ilibadilishwa valvu ndogo tu, usiku ukawa kimya. Kisima Kirefu, lala usiku mmoja karibu na hiyo pampu uisikilize.

#7 Mwalimu wa Hesabu
MamaWatatu ametoa jambo zuri, lakini tuangalie kama linaingia kwenye hesabu za mleta uzi. Maji yanayorudi tangi la chini hayapiti tena kwenye mita ya maji. Kwa hiyo valvu inaeleza umeme, haielezi lita 2,600.

Na tuzigawe hizo lita. 2,600 kwa siku 12 ni kama lita 217 kwa siku, lita 9 kwa saa, yaani mililita 150 kila dakika. Ni kama nusu glasi kila dakika. Huo si udondokaji, ni mtiririko mwembamba unaoendelea.

Pampu ya wati 750 inayopandisha lita 30 kwa dakika ingezipandisha hizo lita 217 kwa dakika 7 hivi. Kwa siku nzima haifiki hata uniti 0.1. Maji yaliyopotea hayakula umeme mwingi kiasi hicho. Tuna wezi wawili hapa, si mmoja.

#8 Tone la Mwisho
Mwalimu, mbona bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linasemwa linapoteza lita 30 kwa siku? Mabomba saba ya hivyo nyumbani na jibu limepatikana.

#9 Mwalimu wa Hesabu
Sekunde za siku moja ni 86,400, kwa hiyo matone ni hayo. Swali ni tone lina ukubwa gani. Tone dogo kama la dawa, matone 20 yanafanya mililita moja, na hapo unapata lita 4.3 tu kwa siku. Tone nono la bomba, wapo wanaolihesabu robo mililita, na hapo unapata lita 21.6. Ndiyo maana namba zinazozunguka zinapishana sana. Usibishane na mtu, weka kikombe chini ya bomba kwa saa moja, pima, zidisha kwa 24.

#10 Tone la Mwisho
Nimeelewa, asante. Jina langu limenisaliti.

#11 Kibatari
Nina wazo ambalo halijatajwa. Mlipoondoka, tangi la chini lilikuwa limejaa? Asubuhi ya safari watu wote wanaoga, vyombo vinaoshwa, nguo za mwisho zinafuliwa. Mkifunga mlango tangi liko nusu. Mita ukaipiga picha hapo. Halafu maji yakaingia taratibu yakalijaza. Tangi la lita 2,000 lililokuwa nusu tayari ni lita 1,000, na hakuna kilichovuja.

#12 Kisima Kirefu
Kibatari, umenitikisa. Tangi la chini ni lita 2,000 kweli. Na asubuhi ile tulioga wote na kufua. Sikuangalia lilikuwa wapi.

Lakini hata nikitoa hizo 1,000, zinabaki 1,600.

#13 Fundi Koki
Bandiko la 11 ni la mtu anayetumia kichwa. Nakubali sehemu. Ila nalo hilo tangi la chini lina floti yake, yaani boya linalofunga maji yanayoingia. Floti isipofunga vizuri, tangi likishajaa maji yanaendelea kutoka kwa bomba la kufurikia. Nenda ukaangalie mahali bomba hilo linapomwaga. Ukikuta ardhi ina ukijani na majani mabichi kuliko kwingine, usihangaike na rangi ya chooni.

#14 Bibi Ndoo
Wanangu, mimi naumia ninaposikia lita 217 kwa siku zinakwenda bila kumgusa mtu. Cape Town, mwaka 2018, kuanzia mwezi wa Februari wakazi waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa kila kitu: kunywa, kupika, kuoga, kufua, choo. Na watu waliishi. Maji yaliyopotea nyumbani kwa Kisima Kirefu kila siku yangewatosha watu wanne wa namna hiyo, na yangebaki.

Nimekaa miaka nikiteka maji. Ndoo ya lita 20 naijua kwa shingo yangu. Mtu aliyewahi kuibeba hawezi kuacha bomba wazi anapopiga mswaki.

#15 Mpangaji
Shikamoo Bibi. Sina la kuongeza hapo.

Nina nadharia ya mwizi mmoja anayekula maji na umeme kwa pamoja: hita. Ile valvu ya usalama ubavuni mwa hita, yenye kamrija kanakotoka nje, ikiharibika inachuruzisha maji ya moto. Maji baridi yanaingia kuchukua nafasi, hita inayachemsha, yanachuruzika tena. Mita zote mbili zinatembea. Mwalimu ametuambia wezi wawili, mimi nasema mmoja.

#16 Mwalimu wa Hesabu
Nimeipenda, lakini hesabu haiipendi. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kama wati-saa 1.16 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Chukua lita 217, zipandishe nyuzi 35, unapata karibu uniti 8.8 kwa siku. Mleta uzi ametumia 2.6 tu kwa siku, na friji imo humo humo. Maji yaliyopotea, sehemu kubwa yalikuwa baridi.

#17 Waya Mwekundu
Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini Mpangaji asikate tamaa. Lita 30 tu za moto kwa siku zingekula uniti 1.2, na hilo linaingia vizuri kwenye pengo letu. Choo kinaweza kuwa kinavuja lita 187 na hita lita 30. Kisima Kirefu, kale kamrija ka hita kana maji?

Na msichanganye: hita ikipasha maji, maji yanapanuka. Kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni kama asilimia 1.5, kwa tangi la lita 50 ni robo tatu ya lita. Kama bomba la kuingilia lina valvu ya kuzuia maji kurudi, kiasi hicho kinatokea kwenye valvu ya usalama, na ni kazi yake. Usije ukakiziba hicho kirija kwa sababu umeona kinadondosha wakati wa kupasha. Kikidondosha hata hita ikiwa imepoa, hapo kuna tatizo.

#18 Nyumba Kubwa
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja vifaa vya kusubiri, vile vinavyokula umeme hata vikiwa havitumiki. Televisheni, king'amuzi, ruta, chaja. Mimi nachomoa vyote kila usiku.

#19 Waya Mwekundu
Ni kweli, ila havifanani. Chaja ya simu isiyo na simu haifiki hata wati moja, na nyingi ni sehemu ndogo tu ya wati. Televisheni mpya nayo ni kidogo. Umoja wa Ulaya tangu 2013 umeweka kikomo cha nusu wati kwa vifaa vingi vinavyosubiri, na viwanda vikafuata. King'amuzi ndicho nisichokiamini. Ukikigusa na kina joto wakati umekizima kwa rimoti, hakijazimwa. Ruta inawaka saa 24, wati 8 au 10. Stebilaiza ya friji ikinguruma na kuwa ya moto, nayo inakula.

Wati moja inayowaka mwaka mzima ni uniti 8.8 hivi. Ukiijua namba hiyo unaweza kupima kila kitu mwenyewe.

#20 Mgeni Mpya
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Kuna kifaa kinachochomekwa kwenye soketi, kina taa ya kijani, muuzaji anasema kinapunguza matumizi ya umeme nusu. Je, ni kweli? Nimeshakinunua.

#21 Waya Mwekundu
Pole. Vingi ukivifungua unakuta kapasita ndogo na hiyo taa ya kijani. Kapasita inarekebisha aina ya mkondo ambayo mita ya nyumbani haiihesabu. Mita inahesabu nguvu halisi, na hiyo haipungui. Taa yenyewe ndiyo inakula kidogo. Kichomoe, na kama wanakubali kukirudisha, rudisha.

#22 Mgeni Mpya
Shukrani. Nimekichomoa.

#23 Kibatari
Turudi chooni. Wenye vyoo vya zamani vya lita 9 au 13 kwa kila kuflashi, wabadilishe waweke vya vitufe viwili, lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa. Marekani sheria ya 1992 ilishusha vyoo vipya vya majumbani kutoka kama lita 13 hadi lita 6. Kwa familia ya watu watano hiyo ni tofauti kubwa kuliko mambo yote ya kufunga bomba wakati wa mswaki. Asiyeweza kubadilisha, aweke chupa iliyojaa maji ndani ya tangi. Si tofali, tofali linamong'onyoka na chembe zake zinakaa kwenye mpira.

#24 Fundi Koki
Kibatari, tofali sawa kabisa. Lakini vitufe viwili, ngoja nikupinge kwa moyo safi.

Choo cha kitufe kina valvu iliyokaa chini kabisa ya tangi, imezamishwa muda wote, na kinachozuia maji ni mpira tu. Mpira ukichakaa, chokaa ikikaa, chembe ya mchanga ikiingia, kinavuja, na hakisemi. Sifoni ya zamani ni tofauti: maji lazima yapandishwe juu ya kona ndipo yashuke upande wa pili. Pasipo mtu kuvuta, maji hayana njia. Uingereza walikuwa wakiruhusu sifoni tu majumbani hadi 2001, na walipofungulia valvu, tatizo la vyoo vinavyovuja kimya likaja nalo. Nimeona choo kipya kabisa cha lita 3 kinachovuja maji mengi kwa siku kuliko yale mtu anayoyaflashi.

#25 Kibatari
Fundi, basi tatizo ni matunzo, si choo. Mpira unabadilishwa. Lita 13 hazibadilishwi.

#26 Fundi Koki
Nani anabadilisha mpira asioujua kwamba umechoka? Kisima Kirefu anapiga picha mita na bado hajui.

#27 MamaWatatu
Nyinyi wawili mngekuwa ndugu zangu ningewaketisha mezani. Wote mna hoja.

Mimi maji ya mwisho ya kusuuza nguo nayaweka kwenye ndoo, ndiyo ya kuflashia. Choo hakijali kama maji ni mapya.

#28 Bafu Fupi
Nimekuja kwa ajili ya ile hoja ya mleta uzi ya kugombana na watoto kuhusu taa. Naomba tuipime.

Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa kama balbu ya zamani ya wati 60. Ikisahauliwa usiku mmoja kwa muda wa saa tano ni wati-saa 45. Sasa mtu akioga dakika 10 kwa bomba la lita 10 kwa dakika, ni lita 100. Kuzitoa nyuzi 20 hadi 40 ni uniti 2.3. Kuoga huko mara moja ni sawa na kuisahau taa hiyo zaidi ya usiku 50. Kaka, ukiwaachia watoto taa na kuwapunguzia dakika bafuni, umepiga hatua mbele na umepunguza ugomvi.

#29 Waya Mwekundu
Inategemea na hita, Bafu Fupi. Hesabu yako ni ya tangi. Ile ya papo hapo ya kichwa cha bafu, ya wati 5,000, haina uwezo wa kupasha lita 10 kwa dakika kwa nyuzi 20. Itakupa lita 3 na nusu hivi. Dakika 10 za hiyo ni uniti 0.83 basi, hata ufanyeje. Bado ni usiku 18 wa taa yako, kwa hiyo hoja inasimama, ila namba irekebishwe.

#30 Bafu Fupi
Imerekebishwa. Na hapo ndipo mtu anaokoa vitu viwili kwa mkono mmoja: kila lita ya moto usiyoitumia ni maji na umeme kwa pamoja.

#31 Kisima Kirefu
Wakuu, nimefanya kazi ya nyumbani mliyonipa. Naleta majibu.

Vyoo: nimetia rangi vyote viwili. Cha chumbani hakuna kitu. Cha wageni, dakika 20, bakuli limebadilika rangi. Sikuamini. Hicho hakitumiki hata mara moja kwa wiki, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukiona. Nimefunga koki yake.

Bomba la kufurikia la tangi la chini: linamwaga nyuma ya ukuta, ardhi kavu.

Kamrija ka hita: kana unyevu mwanzoni mwake, hakadondoshi. Hita imezimwa sasa. Nimeuliza nyumbani. Mwenzangu anasema aliikuta imezimwa tuliporudi. Mwanangu wa kwanza anasema yeye ndiye aliyeizima tuliporudi. Sijui nimwamini nani.

#32 Mpangaji
Nipe nafasi nicheke kidogo kwa upendo. Hii nyumba inahitaji mpelelezi.

#33 Waya Mwekundu
Usitafute shahidi, tafuta mita. Mita ya kidijitali ina kataa kekundu kanakopepesa. Kando yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600 au 3200, ndiyo idadi ya mapigo kwa uniti moja. Kama ni 1000, kila pigo ni wati-saa moja. Chukua 3,600 ugawe kwa sekunde kati ya pigo na pigo, unapata wati zinazotumika sasa hivi. Usiku wote wakilala, zima kila kitu, acha friji tu, hesabu.

#34 Kisima Kirefu
Mita yangu ni 1000. Nimekaa nayo saa 5 usiku na saa ya simu.

Friji ikinguruma: pigo kila sekunde 30. Friji ikinyamaza: pigo kila sekunde 120. Kila kitu kimezimwa. Hizo za friji ikinyamaza ni za nani?

#35 Mwalimu wa Hesabu
Asante kwa subira hiyo. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 120 ni wati 30. Kwa hiyo friji peke yake ni wati 90 inapofanya kazi, na kuna wati 30 zisizolala kabisa.

Wati 30 kwa siku 12 ni uniti 8.6. Friji ikifanya kazi nusu ya muda ni uniti 13. Pampu, tumpe uniti 1. Jumla 22 na ushee. Zimebaki kama 8 na nusu, na hita iliyosahauliwa inaweza kuzila. Kwa hesabu hii namwamini mwanao.

#36 Nyumba Kubwa
Au friji haikufanya kazi nusu ya muda. Nyumba imefungwa madirisha siku 12, joto limejaa ndani. Ikifanya kazi asilimia 80 inafika kama uniti 21, na hita inaondoka kwenye kesi. Kisima Kirefu, weka karatasi kwenye mlango wa friji, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira haushiki. Na nyuma yake kuna vumbi kiasi gani?

#37 Kisima Kirefu
Karatasi, kona ya chini upande wa bawaba, imeanguka yenyewe. Kwingine inakaza. Nyuma sijathubutu kuangalia.

Wati 30: nimechomoa ruta, king'amuzi na stebilaiza kwa pamoja. Sasa friji ikinyamaza sioni pigo kwa dakika nyingi. King'amuzi kilikuwa cha moto kama mkate uliotoka tanurini, na kilikuwa "kimezimwa". Miaka yote hii.

#38 Bibi Ndoo
Umefanya vizuri mwanangu. Safari nyingine friji liondoe vitu, lichomoe, uache mlango wazi kidogo lisifanye ukungu.

#39 Tone la Mwisho
Na maji? Choo cha wageni kimefungwa, mita imesimama?

#40 Kisima Kirefu
Hapana. Nimesoma saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, hakuna aliyegusa maji. Kwa muda wa saa nane, lita 24. Ni lita 3 kwa saa. Zamani ilikuwa 9. Choo kimechukua mbili ya tatu, bado kuna mwingine.

#41 Fundi Koki
Usikimbilie hivyo. Nyumba yenye matangi mita haisemi ukweli kwa usiku mmoja. Choo kinakunywa kutoka tangi la juu. Tangi la juu linasubiri boya lishuke ndipo pampu iwake. Tangi la chini nalo linasubiri kupungua ndipo floti ifungue. Lita 24 ulizoziona huenda ni deni la jana, tangi lilikuwa linajijaza.

Fanya hivi: funga koki inayoingiza maji tangi la chini. Halafu angalia kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikisimama, bomba la ardhini ni zima na mwizi yuko ndani ya nyumba. Kikizunguka, maji yanapotelea kati ya mita na tangi.

#42 Kibatari
Kuna lingine. Maji yalikatika wakati hamkuwepo? Yakikatika na kurudi, hewa iliyojaa kwenye bomba inasukumwa mbele na kuzungusha mita kabla ya maji kufika. Unahesabiwa upepo.

#43 Mwalimu wa Hesabu
Hilo lipo, lakini haliwezi kueleza lita 3 kwa saa za jana kama maji hayakukatika jana.

#44 Kisima Kirefu
Jana hayakukatika. Siku tulizokuwa safarini, jirani anasema yalikatika mara mbili.

Nimefunga koki ya tangi la chini saa 1 jioni hii. Nimepiga magoti na tochi mbele ya mita. Kigurudumu kinazunguka. Polepole sana, lakini kinazunguka.

#45 Mpangaji
Ardhini. Nilijua.

#46 Fundi Koki
Mpangaji, tulia. Kisima Kirefu, hiyo koki ni ya kuzungusha mara nyingi au ya mpini wa robo mzunguko? Ya kuzungusha ikikaa miaka bila kuguswa haifungi kabisa, inapitisha kidogo. Nenda ukaangalie mdomo wa floti kwenye tangi la chini. Kama unatiririka, koki ndiyo inayokudanganya, hujapima kitu.

#47 Kisima Kirefu
Ni ya kuzungusha. Naenda kufungua mfuniko sasa hivi.